Siku Walipotaka Kulifuta Jarida la Kitufe

Usiku wa kuamkia leo niliota televisheni imekuja nyumbani kuniita.

Ilikuwa TV ya kichogo, zile za zamani zenye mgongo mkubwa nyuma, na ilipanda ngazi zetu kwa shida. Mimi nilikuwa barazani nachambua maharage. Ilikuwa mchana, jua kali. Nikaisalimia, kwa sababu ilikuwa imenizidi umri.

"Shikamoo."

"Marahaba. Wewe ndiye Atuganile?"

"Ndiyo."

"Msomaji wa Kitufe?"

Nikasita. Kitufe lilikuwa jarida la taifa la michezo ya video. Siku hizi halitoki tena. Dada yangu Sekela alikuwa akilinunua na kunisomea, na nilipoacha shule darasa la nne nililikalia hilo jarida peke yangu mpaka herufi zikakubali. Kusoma kwangu kote kumetoka humo. Lakini sikuwahi kumwambia mtu kwamba mimi ni msomaji wa kitu chochote.

"Nasomasoma," nikasema.

"Inatosha. Loweka hayo maharage, tunaondoka. Memori kadi ya nchi imejaa. Wameamua kifutwe kitu kimoja ipatikane nafasi, wamechagua Kitufe. Na likifutwa, kila kilichotoka ndani yake kinafutwa pia."

"Kila kitu?"

"Hebu soma pale." TV ikanyoosha antena yake ng'ambo ya barabara.

Pale kuna kibao ambacho nakisoma kila siku nikipita: Vipodozi na Vocha. Neno la mwisho lilikuwepo, rangi yake ileile, lakini nilikuwa siliwezi. Lilikuwa mistari tu, kama nyufa za ukuta.

Nikakumbuka nilivyokuwa kabla sijajua. Meseji ya mama ikiingia, nampelekea jirani yetu Twitike simu anisomee. Twitike anaisoma kwanza kimoyomoyo, anacheka, halafu ndiyo ananisomea. Sehemu nyingine anaziruka.

"Nani anaweza kuzuia?" nikauliza.

"Msomaji yeyote. Mashine kabla ya kufuta inauliza, una uhakika? Anatakiwa mtu abonyeze hapana."

"Kwani wasomaji wengine wako wapi?"

"Utawaona," ikasema, na picha yake ikacheza kidogo. "Ila hakuna njia ya mkato. Kufika ofisini lazima upite matoleo yote kuanzia la kwanza. Gemu ndivyo lilivyo, levo hairukwi."

Tukashuka ngazi. Ngazi zikaishia ndani ya toleo la kwanza.

Toleo la kwanza ni chumba kilicho nyuma ya fundi redio. Kila kitu humo ni cheusi na cheupe, na mimi pia. Mhariri Mkuu, Bwana Hamduni kutoka Tanga, yuko mezani anapiga taipu.

"Usikae kwenye hicho kiti," ananiambia bila kuinua macho. "Nimekipa mbili kati ya kumi."

Kiti kimepiga magoti.

Hiyo ndiyo sheria ya Kitufe. Kila gemu lazima lipewe maksi, na Bwana Hamduni ameshazoea kugawa maksi, hawezi kuacha. Tatizo ni kwamba kitu kikishapewa, kinakuwa hivyo. Chai ya ofisi imepewa nne, imepoa. Paa limepewa tano, linafunika nusu ya chumba. Mvua imepewa tisa.

Akaniangalia.

"Macho, nane. Sauti, moja. Unataka nini?"

Nikajibu, lakini sauti ikatoka moja kati ya kumi. TV ikanisaidia.

"Tunapita tu, Mhariri. Wanalifuta jarida lako."

"Wanalifuta? Ndiyo kwanza naliandika!" Hakukasirika. Alifikiri, akakuna kidevu. "Kufutwa nakupa tatu. Hakuna ubunifu."

Kwenye kona kulikuwa na pazia zito jeusi, na nyuma yake mtu anafanya kazi. Nilimjua hapohapo, ingawa alinipa mgongo.

Nieleze. Zamani hizo, ili picha ya gemu iingie kwenye jarida, mtu mmoja alicheza mpaka mahali pazuri, akasimamisha, na mwingine akakipiga picha kioo cha TV. Nyuma ya pazia kulikuwa na joto. Mpiga picha akavua shati. Kwa hiyo katika kila picha ya Kitufe, juu ya magari, juu ya mashujaa wenye panga, anaonekana kwa mbali mtu mzima mwenye kamera, amevaa singlendi. Kioo kilikuwa kinamrudisha. Filamu za kamera zilikuwa za kubana matumizi, hawakurudia. Badala yake waliandika maneno madogo chini ya kila picha: Mtu huyu hayumo kwenye gemu.

Wasomaji hawakukubali. Nchi nzima ilimtafuta. Sekela alimtafuta likizo nzima, akasema lazima yuko levo ya mwisho na kuna vitufe vya siri vya kumfungulia.

"Huyo usimsemeshe," TV ikaninong'oneza. "Ana jambo lake moyoni."

Tukatoka kwa mlango wa nyuma tukajikuta kwenye kipilefti, toleo la saba.

Toleo la saba ndilo lilikuwa na ramani ya pango la gemu moja. Ile ramani ilichapwa imegeuzwa, kulia kukawa kushoto, na chini wakaandika kwa msisitizo: kila njia panda, kata kushoto. Kitufe lilikuwa linaaminika sana. Wasomaji wakakata kushoto. Mpaka leo wanakata kushoto.

Wako wote pale. Wazee, wanafunzi, askari mmoja na kofia yake, wanazunguka kipilefti kinyume na magari, na magari yanawapigia honi kwa heshima. Katikati yao namwona Sekela, na beseni la nyanya kichwani. Siku hizi ameolewa Tunduma na anafanya biashara.

"We Atu!" akapaza sauti. "Umetoka nyumbani na kanga ya kulalia?"

"Dada, njoo. Wanalifuta Kitufe."

"Tembea na mimi tuongee, siwezi kusimama."

Nikamfuata mbiombio. TV ikabaki inahema kando ya barabara.

"Ofisi iko upande gani?" akauliza.

"Kulia."

Sekela akacheka mpaka nyanya moja ikadondoka. "Basi hapo hunipati. Kulia hakukatiki. Nimejaribu, shingo inagoma. Nenda wewe. Wewe ramani hukuiangalia, ulikuwa unaangalia mapicha tu."

"Mimi siwezi kuongea na watu wa ofisini. Unanijua."

"Nakujua sana. Ukitumwa chumvi ulikuwa unasimama dukani mpaka mwenye duka akuulize, binti, wewe ni mteja au nguzo?"

"Sasa unanicheka."

"Nacheka, ndiyo. Na nani kakwambia ukaongee? Kabonyeze. Kubonyeza si unajua? Nilikuwa nakupa pedi ya gemu kila siku."

Aliposema hivyo akaangalia pembeni.

"Nini, dada?"

"Hamna. Nenda, utachelewa."

Nikatoka kwenye mstari. Sekela akaendelea kuzunguka, akawa mbali, beseni tu linaonekana. Halafu nikasikia sauti yake kutoka upande wa pili wa kipilefti.

"Atu! Ile pedi ya pili ilikuwa haijachomekwa!"

"Eti?"

"Waya ulikuwa nyuma ya kabati! Ulikuwa unafurahi, nikaona nisikwambie!"

Nikasimama katikati ya honi. Yale magari yote niliyoyaendesha, kumbe alikuwa anayaendesha Sekela. Wale maadui wote niliowaruka, alinirukia yeye. Katika maisha yangu nilikuwa sijawahi kubonyeza kitu chochote.

"Twende," TV ikasema. "Huzuni utaipata ukifika."

Kibao cha njia panda kilibakiwa na mishale tu, majina ya miji yalishageuka nyufa. Tukakata kulia.

Tukaingia matoleo ya rangi. Rangi zilikuwa bado mbichi, zikatuchafua, kanga yangu ikashika nyekundu ya jalada fulani. Watu humo walikuwa wanene na wenye furaha, wanapongezana kwa kupigana mabegani kwa sababu jarida linasomwa mpaka Kigoma. Hatukukaa. Baada ya hapo wasomaji walianza kutafuta majibu kwenye simu, na jarida likaanza kukonda. Wafanyakazi nao wakakonda nalo. Nilimkuta mchoraji wa majalada amekuwa mwembamba hivi kwamba upepo ulikuwa umembandika ukutani.

"Shikamoo," nikamwambia.

"Marahaba. Nibandue."

Nikambandua kwa kuanzia kona, taratibu, asichanike. Akashukuru, akaenda na upepo.

Toleo la mwisho lilikuwa jalada la mbele na jalada la nyuma. Katikati hakuna kitu. Mtu anaingia kwa ubavu.

TV ikajaribu. Ikajaribu kwa upande wa pili. Ikakaa chini.

"Na kichogo hiki siingii," ikasema. "Ingia wewe."

"Peke yangu?"

"Nitakusubiri hapa. Usisahau kusalimia."

Nikajibana, nikaingia kwa ubavu.

Ndani ni ofisi tupu iliyotandikwa mkeka. Ukutani kuna TV bapa, changa, isiyo na salamu. Kwenye kioo chake kuna visanduku viwili, kila kimoja na neno, na cha kushoto kinawakawaka. Sikuweza kusoma hata kimoja. Na mbele ya kioo, amekaa mkekani na pedi mkononi, ni yeye. Mtu wa singlendi. Amezeeka, lakini singlendi ni ileile.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuzuia?"

"Ndiyo."

"Keti. Sheria ya banda la gemu unaijua?"

"Aliyefungwa anapisha."

"Haswa. Ukiitaka hii pedi, nifunge kwanza." Akanipa pedi ya pili.

Nikaufuata waya wake kwa macho. Ulipita mkekani, ukapita mguuni kwake, ukaishia hewani.

"Haijachomekwa," nikasema.

"Najua. Tundu la pili liliharibika zamani. Sikuliharibu mimi."

Gemu likaanza. Mtu wake akakimbia, akaruka shimo, akaokota nyota. Mtu wangu alisimama mwanzoni kabisa, mikono imemning'inia, anaangalia nchi.

"Mchezaji wa pili hajui hata kutembea," TV bapa ikasema. "Nimeona wengi, lakini huyu ni fenicha."

Nilitazama visanduku vinavyowaka nyuma ya gemu. Cha kushoto kilikuwa kinawaka kwa haraka zaidi sasa. Nikawaza simu yangu, na meseji za mama zilizomo.

"Baba, kwa nini unataka lifutwe? Si jarida lako?"

Akaruka shimo lingine kabla ya kunijibu.

"Wewe umeshawahi kuonwa na nchi nzima umevaa singlendi?"

"Hapana."

"Na yenyewe ina tundu. Hapa." Akanyanyua mkono, akanionyesha. Lilikuwepo. "Nimeenda kuposa, baba mkwe ananitazama, ananitazama, anasema, wewe si yule? Nikienda msibani vijana wananibonyezabonyeza mgongoni, wanataka niwape maisha ya ziada. Msibani! Walipouliza kifutwe nini, nilinyoosha mkono mimi mwenyewe."

Mimi ningelifuta hata kwa singlendi isiyo na tundu.

"Amebakiza mlima mmoja," TV bapa ikasema. "Fenicha ijiandae kwenda nyumbani."

Nilifungua mdomo bila kujua nitasema nini.

"Mimi nilijifunza kusoma kwako."

"Kwangu wapi?"

"Chini yako. Sentensi ya kwanza kuisoma mwenyewe, bila Sekela, ni ile. Mtu huyu hayumo kwenye gemu. Picha zilikuwa zinabadilika kila ukurasa, mara gari, mara mpira, mara mazimwi. Wewe ulikuwa palepale, na maneno yako palepale. Nikajua haya ni ya huyu mtu. Nikaanza kuyakamata moja moja. 'Mtu' nililikamata naosha vyombo. 'Gemu' halikunisumbua. 'Hayumo' lilinitesa masika yote."

Kidole gumba chake kilikuwa kimepunguza kasi.

"Siku nilipoyaunganisha," nikasema, "nilikuangalia nikashangaa. Nikasema, hawa wanasemaje hayumo, na mimi ndiye ninayemwona kila siku?"

Kidole kikasimama.

Kwenye kioo mtu wake naye akasimama, chini ya mlima wa mwisho. Kobe akatokea upande wa kulia. Alikuja polepole sana. Sote watatu tulimwona tangu mbali. Akafika, akamgusa mguuni.

"Umefungwa," TV bapa ikasema.

"Sijafungwa. Nilikuwa namsikiliza mtoto."

"Umefungwa na kobe."

"Usinitangazie! Nimesema nilikuwa nasikiliza."

"Kufungwa ukisikiliza nako ni kufungwa."

Akageuka kunitazama, kama mtu anayeomba ashuhudiwe. Nilitamani nimwachie.

"Aliyefungwa anapisha, baba," nikasema.

Halafu akanyanyuka kwa kujikokota, akanipa pedi yake. Ilikuwa ya moto kutoka mikononi mwake. Akaenda kukaa nyuma yangu, mahali wanapokaa wote waliofungwa, wale ambao kazi yao sasa ni kukwambia bonyeza hiki, bonyeza kile.

Gemu likaondoka, vikabaki visanduku viwili. Mistari na nyufa. Hata lile jina Kitufe lililokuwa limepakwa ukutani sikulijua tena. Ningeweza kubahatisha, lakini kubahatisha vibaya ndiyo kufuta kwenyewe.

Kulikuwa na mtu mmoja tu wa kumuuliza, na ndiye aliyenyoosha mkono lifutwe.

"Baba," nikasema. "Sisomi tena. Nisomee."

Akasogea mbele mpaka nikasikia pumzi yake. Akasoma kwanza kimoyomoyo, midomo ikicheza. Nilikaza mabega, nikasubiri acheke.

Hakucheka.

"Cha kushoto ni ndiyo," akasema taratibu. "Cha kulia ni hapana. Nimekusomea vyote, sijaruka kitu."

Nikapeleka kidole kulia, nikabonyeza. Kitufe cha pedi kikalia kama kijiti kinachovunjika. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kubonyeza kitu na kitu hicho kusikia.

TV bapa ikawakawaka mara mbili.

"Halijafutwa," ikasema, imekasirika. "Na memori bado imejaa. Sasa mimi nifute nini?"

"Futa huyo kobe," mtu wa singlendi akasema.

Maneno yakaanza kurudi. Ukutani likarudi Kitufe, herufi moja ikimsubiri mwenzake. Kwenye pedi yakarudi yale maandishi madogo ambayo hakuna anayeyasoma, nikayasoma yote, na ya nyuma yake pia. Nje niliisikia TV ya kichogo inajipigia makofi kwa antena.

Mtu wa singlendi alikuwa amesimama. Ameokota kamera yake, anapuliza vumbi kwenye lenzi.

"Toleo la mwisho halina picha ya jalada," akasema. "Kaa pale mbele ya kioo. Safari hii mimi nasimama pembeni, sitaki kuonekana."

Nikajiona kwenye kioo cha TV bapa: kanga ya kulalia imechafuka nyekundu, nywele zimesimama upande mmoja.

"Sijachana nywele, baba."

"Mimi nilikuwa na tundu."

Nikakaa. Mikono sikujua niiweke wapi, nikaiweka magotini.

"Chini tuandike nini?" akauliza.

"Andika unachokiona."

Akafikiri, akatikisa kichwa kama mtu aliyeridhika. "Usifumbe macho, mwanangu."

Sikufumba. Mwanga wa kamera ukawaka.

Nikaamka.

Kulikuwa kumepambazuka kidogo. Umeme ulikatika kwetu tangu jana, na simu zote tulizipeleka kwa jirani mwenye sola zikachajiwe. Nilikuwa nimelala chali, na mbele ya macho yangu kulikuwa na doa la kijani, lile linalobaki ukipigwa mwanga wa kamera. Nikaangalia ukutani, likaenda ukutani. Likatua kwenye kalenda. Nikaisoma kalenda pembeni mwa doa: jina la duka lililoitoa, mwezi, siku, mpaka maneno madogo ya kiwanda kule chini.

Kwenye kitanda cha pili mama mdogo, ninayelala naye chumba kimoja, alikuwa ameketi, anajifikicha macho kwa nguvu kwa viganja vyote viwili.

"Atu," akasema, "nani kapiga picha humu ndani? Limwanga lote lile, na mimi nimelala mdomo wazi!"